Kung'oa gundi ya zamani kwenye taa ya gari bila kuliumiza kasha

Wanaoniletea taa zao nizibadilishe sura huniuliza mengi: projekta (lenzi inayokusanya mwanga wa balbu na kuurusha mbele) iwe ya ukubwa gani, fremu ya ndani ipakwe nyeusi inayong'aa au iliyofifia, pete za mwanga ziwe nyeupe au za kaharabu. Habari ya mfereji hawaiulizi. Nami kila nikifungua taa iliyowahi kubadilishwa kwingine na ikaanza kuingiza maji, ugonjwa naukuta humo humo mferejini: gundi mpya imelazwa juu ya gundi kuukuu, katikati yake pana vumbi, na maji yamejipenyeza polepole kati ya hizo mbili. Projekta ni nzuri, rangi imepigwa kwa ustadi, lakini rifleta, yaani bakuli la ndani linaloakisi mwanga, imeshaota madoa na haifai tena.

Mfereji ni ule mtaro unaozunguka ukingo wa kasha la nyuma, mahali ulimi wa kioo cha mbele, yaani ukingo wake unaochomoza, unapotumbukia. Gundi hukaa humo. Kwa kawaida mtaro wenyewe haufikii upana wa kidole cha shahada, ila ndio unaoamua kama kazi yako itakaa miaka au itaharibika mvua ya kwanza. Kuung'oa uchafu wake ni kazi ya kuchosha mikono, na kwenye taa ngumu huchukua muda mrefu kuliko kufunga projekta yenyewe. Ipangie muda wake. Usiianze jioni ukiwa na nia ya kufunga taa usiku huo huo.

Sababu za kuiondoa ni mbili. Gundi mpya hushika kile inachokigusa. Ikigusa vumbi, itashika vumbi. Ya pili wengi hawaifikirii: ulimi wa kioo lazima ufike chini kabisa. Milimita 2 tu za gundi iliyobaki sehemu moja zinatosha kukiinua kioo upande huo, klipu zikakataa kushika, na taa ikirudi kwenye gari utaona mwanya kati yake na boneti usiokuwepo awali.

Kuna hali moja ambapo naiacha ya zamani. Ikiwa ni butili laini, yaani gundi ya jamii ya mpira inayolainika kwa joto, taa imefunguliwa kwa jambo dogo na itafungwa muda huo huo, na mfereji umefunikwa muda wote, basi naipasha moto na kukirudisha kioo palepale. Ila taa ya kubadilishwa sura hulala wazi mezani huku ukipiga msasa na rangi. Hiyo butili ikishakaa wazi hivyo, iondoe.

Jua kwanza unapambana na gundi gani

Chukua bisibisi ndogo, uichome gundi pembeni. Butili hubonyea na alama hubaki pale pale. Ukiivuta hutoa nyuzi ndefu na kunata kidoleni kama ulimbo. Gundi ngumu ya kiwandani, ambayo mara nyingi ni ya jamii ya poliyurethani, hubonyea kidogo kisha hurudi ilivyokuwa, na ukiikwangua hutoka chembechembe. Silikoni hunyumbuka, huteleza, na huchunika kwa vipande virefu vilivyo safi. Ukiwa bado na shaka, pasha sehemu ndogo kwa hewa ya moto: butili italainika mbele ya macho yako, hizo nyingine hazitabadilika sana.

Usishangae kukuta aina mbili kwenye taa moja. Kiwanda kiliweka butili, kisha mtu akaja kuongeza silikoni pale palipovuja. Hapo kila kipande kishughulikie kwa njia yake.

Angalia pia maandishi yaliyochapwa kwenye plastiki yenyewe. Nyuma ya kasha utaona alama kama >PP-TD20< au >PP-T40<, yaani polipropilini iliyochanganywa na unga wa talki, na kwenye kioo utaona >PC<, yaani polikaboneti. Plastiki hizi mbili zina tabia tofauti kabisa, na kazi yote inayofuata imejengwa juu ya tofauti hiyo. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi na huvumilia kemikali nyingi. Polikaboneti huanza kulainika karibu na nyuzi 147, na kemikali nyingi za karakana huipasua.

Kinga rifleta kabla ya jambo lolote

Ule mng'ao wa rifleta ni tabaka la alumini lililorushwa ndani ya chombo kisicho na hewa, nalo ni jembamba kuliko mikroni moja. Kidole chenye jasho kinatosha kuacha alama. Kitambaa kikavu kitakwaruza. Kama rifleta inatoka kwa skrubu, itoe, uiweke ndani ya mfuko safi mbali na meza. Kama imeungana na kasha, ifunike yote kwa mfuko wa plastiki na ubandike kingo zake kwa tepu ya karatasi, ila tepu ishike plastiki nyeusi tu. Ikigusa mng'ao, siku ya kuibandua utabandua na alumini.

Ndani ya kioo pia pafunike. Taa nyingi zina tabaka la kuzuia ukungu upande wa ndani wa kioo, na ukilifuta kwa spiriti utaacha mawingu ambayo hayatoki tena.

Wakati wa kukwangua, inamisha kasha ili mfereji unaoufanyia kazi uwe chini na tumbo la kasha liwe juu yake. Chembe zidondokee mezani, zisidondokee ndani.

Butili

Hii ndiyo rahisi, ila watu huifanya ngumu kwa kuichoma moto kupita kiasi. Butili yenye moto sana huwa uji: inapakaa kuta zote za mfereji na kukuongezea kazi. Ikiwa baridi hukatika vipande vifupi vifupi. Unachotafuta ni pale inapotoka ikiwa kamba moja nene.

Blowa ya hewa ya moto iweke kwenye kiwango cha chini. Kumbuka hewa inayotoka mdomoni mwa mashine hizi inaweza kupita nyuzi 500 ikifunguliwa yote, na kasha lako haliwezi kuhimili hata theluthi yake. Ishike sentimita 10 au zaidi kutoka kwenye mfereji, uipeleke huku na huku bila kusimama, na upashe kipande cha urefu wa kiganja kwa wakati mmoja. Anza kwenye kona ya juu. Inua ncha ya gundi kwa kikwanguo, ishike kwa mkono wenye glavu, kisha ivute polepole ikiwa imelala karibu na mfereji, siyo kwenda juu moja kwa moja. Hewa ya moto itangulie mbele ya mahali unapovuta. Ukienda kwa utulivu, nusu ya mzunguko mzima inaweza kutoka bila kukatika, na hiyo inafurahisha sana.

Glavu zikianza kunata, zilowanishe kwa maji matupu. Usitumie sabuni, itaingia mferejini na kukusumbua baadaye.

Kikwanguo nachonga mwenyewe. Chukua mpini wa mswaki mgumu au kipande cha mwanzi, ukipige tupa mpaka ncha iingie mferejini kwa upana sawasawa, na kona zake ziwe mviringo. Vifaa vya chuma vilivyonunuliwa huwa na ncha kali ambayo huchimba ukuta wa mfereji, na ukuta wenyewe si mnene.

Kamba ikishatoka, utabaki na utando mweusi na vipande vilivyojificha. Hapa usikimbilie kemikali. Chukua ile butili uliyoitoa, iache ipoe, ifinyange iwe donge, kisha ligandamize mferejini na kulinyofoa ghafla. Butili huipenda butili kuliko plastiki. Gandamiza, nyofoa, sogea mbele. Donge likijaa vumbi, likunje ndani na uendelee na upande safi. Kwa njia hii mfereji mzima unaweza kusafika bila tone la kemikali.

Ukitaka kuutoa hata ule utando wa mwisho, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa yanaiyeyusha butili. Yatumie kwenye kasha la polipropilini peke yake, kioo kikiwa mbali, na blowa ikiwa imezimwa na kupoa. Mafuta ya taa na hewa ya moto havikai meza moja. Kisha futa mara kadhaa kwa alkoholi ya isopropili, kila mara kwa upande safi wa kitambaa, mpaka kitambaa kitoke cheupe na mfereji usibaki na utelezi wowote.

Je, utando huo ni lazima utoke? Kama utafunga kwa butili mpya, kivuli cheusi kisicho na unene wala vumbi hakina madhara. Kitaungana na mpya. Kama utafunga kwa gundi ya poliyurethani, toa chote.

Gundi ngumu

Hapa ndipo kasha nyingi hufia. Mtu anaona joto halifanyi kazi, anaongeza joto, na kinacholainika ni kasha badala ya gundi. Joto la wastani, kasha likiwa la moto wa kushikika kwa glavu, husaidia gundi kuchanika kwa urahisi zaidi. Zaidi ya hapo halisaidii kitu, na poliyurethani ikiungua hutoa moshi ambao mapafu yako hayautaki. Ukisikia harufu kali, zima, fungua madirisha.

Njia yangu ni kukata mara tatu. Kata ya kwanza inapita kwenye ukuta wa nje wa mfereji, ya pili kwenye ukuta wa ndani, zote kwa kisu chembamba cha wembe, kikilala sambamba na ukuta ili kisiule. Mkono unaosukuma kisu uelekee mbali na mwili wako, na mkono mwingine uwe nyuma ya kisu, kamwe usiwe mbele yake. Vaa miwani, wembe wa aina hii hukatika ncha na kuruka. Kata ya tatu ni ya chini: patasi nyembamba, iliyosagwa ilingane na upana wa mfereji na kona zake kuondolewa makali, inasukumwa chini ya gundi huku koleo ikivuta ncha iliyokwisha kuachia. Nenda sentimita chache, pumzisha mkono, endelea. Sehemu zilizonyooka huenda haraka. Kona za chini ndizo zinazokula muda, na ndizo zisizosamehe, kwa sababu maji hukusanyika hapo.

Mashine ndogo ya kuzungusha vichongeo inaokoa muda kama unajua kuitawala. Iende mwendo wa chini, kwa miguso mifupi. Polipropilini huyeyuka kwa msuguano: ukiona kichongeo kimevaa nyuzi nyeusi za plastiki laini, simama, kwa kuwa sasa unachanganya gundi na kasha kuwa kitu kimoja. Brashi za waya wa chuma sizitumii kabisa mferejini. Husafisha haraka, ndiyo, ila huacha kuta zimetafunwa. Kwenye sehemu ndefu zilizonyooka, ile mashine ya kutikisa bapa kulia na kushoto ni bora zaidi.

Kuna wanaoweka kasha kwenye friza ili gundi iwe ngumu na ibanduke. Mimi siipendi njia hiyo. Polipropilini ikikaribia nyuzi 0 hupoteza unyumbufu, na ukiipinda kwa bisibisi hapo ukuta wa mfereji hupasuka kabla ya gundi kuachia. Ukuta ukipasuka, gundi ya papo kwa papo haishiki polipropilini ipasavyo. Dawa yake ni kulehemu kwa fimbo ya polipropilini na hewa ya moto, kisha kuchonga umbo upya.

Sasa jambo ambalo ningependa kila anayejifunza kazi hii alijue. Polipropilini kwa asili haipendi kushikwa na gundi. Ndiyo maana viwanda huupitisha mfereji kwenye mwali wa moto au kuupiga plazma (gesi iliyotiwa nguvu ya umeme) kabla ya kumwaga gundi, ili uso wake ubadilike na ukubali kushika. Uso huo uliotayarishwa ni mwembamba sana. Ukiupiga msasa mpaka plastiki mpya itokeze, unaondoa kile kilichofanya gundi ya kwanza ishike. Kwa hiyo kwenye gundi ngumu silengi plastiki tupu kila mahali. Nikikata na kubaki na ngozi nyembamba isiyofika milimita 1, iliyoshika imara na iliyolala tambarare, naiacha. Mafundi wa vioo vya mbele vya magari hufanya hivyo hivyo: hukata poliyurethani ya zamani na kuacha tabaka dogo, kwa kuwa poliyurethani mpya huishika vizuri ile iliyokatwa karibuni. Ijaribu kwa kucha. Kingo ikiinuka hata kidogo, ing'oe sehemu hiyo yote. Na mahali palipobaki plastiki tupu, kama utatumia poliyurethani, paka dawa ya awali iliyotengenezwa kwa ajili ya polipropilini.

Silikoni

Hii naichukia, nasema wazi. Kemikali za kawaida za karakana haziiyeyushi, na mabaki yake hukataa gundi nyingine na hukataa rangi. Ichune kwa mkono kadiri uwezavyo, kwangua kwa plastiki, sugua kwa kitambaa kikavu kikavu mpaka vijipande vijikunje na kudondoka, kisha alkoholi. Usiipige msasa, kwani msasa huisambaza. Vitambaa na vikwanguo vilivyogusa silikoni visifike karibu na fremu unayotaka kuipaka rangi. Rangi itajikusanya na kuacha vishimo uso mzima.

Ile silikoni yenye harufu ya siki ina tatizo la ziada: inapokauka hutoa asidi ya asetiki, na asidi hiyo hula alumini ya rifleta. Ukiikuta ndani ya taa, chunguza mng'ao kabla ya kumwahidi mwenye taa chochote.

Ulimi wa kioo

Kioo cha polikaboneti kina mkazo uliobaki ndani yake tangu kilipomwagwa kwenye kalibu. Asetoni, tina, petroli na dawa ya kusafishia breki huuamsha mkazo huo, na nyufa nyembamba kama nywele hutokea. Wakati mwingine huonekana palepale, wakati mwingine taa ikiwa tayari barabarani. Kwa hiyo kwenye kioo natumia donge la butili, kikwanguo cha mwanzi na alkoholi ya isopropili, basi. Hata mafuta ya taa siyapeleki huko. Wembe ukitumika, ulale bapa kabisa. Mchubuko mmoja kwenye ulimi huwa mwanzo wa ufa siku kioo kitakapokazwa na klipu. Taa za zamani zenye kioo halisi ni jambo jingine: hizo huvumilia kemikali, ila usizitie maji baridi zikiwa za moto.

Kagua kabla ya kugusa gundi mpya

Zima taa za juu, washa tochi na uilaze pembeni ili mwanga wake upite sambamba na mfereji. Vilima vya gundi vitajionyesha kwa vivuli vyao. Pitisha ukucha mzunguko mzima, kuta zote mbili na chini. Kisha fanya jaribio ambalo kwangu ndilo la mwisho: vaa kioo bila gundi. Kibonyeze kote. Klipu zote zishike zenyewe, mwanya uwe sawa pande zote, na kioo kisicheze kama meza yenye mguu mfupi. Kikikataa mahali, rudi mferejini hapo hapo.

Kufunga ni habari fupi. Kamba ya butili ya milimita 9 au 10 hutosha mifereji mingi. Ilaze bila kuivuta, maana ikivutwa hujikunja na kurudi, na maungio yake yawe upande wa juu wa taa, ncha zikipandana na kufinyangwa pamoja. Pasha kwenye oveni isiyotumika kwa chakula, nyuzi 100 hadi 110, dakika 8 mpaka 10, kasha likiwa juu ya ubao ili lisiguse chuma. Kisha bana, kaza skrubu, na uiache ipoe ikiwa imebanwa.

Ikishapoa kabisa, ziba matundu ya balbu na yale matundu madogo ya kupumulia, ukiwa umetangulia kulaza karatasi laini kavu ndani, chini ya kona. Mwagia maji kwenye maungio kwa dakika kadhaa kutoka kila upande, halafu itoe karatasi na uiguse. Ikiwa kavu, bandua tepu kwenye matundu ya kupumulia. Yakibaki yamezibwa, hewa inayopanuka kwa joto la balbu itatafuta njia kupitia gundi yako mpya. Na mwenye taa mweleze hivi: ukungu mwepesi asubuhi unaotoweka taa zikiwaka ni pumzi ya kawaida ya taa. Matone yanayokusanyika kwenye kona ya chini na kubaki hapo yanatoka mferejini, na taa irudishwe mapema kabla rifleta haijaota madoa.